Kwa nini leza haiwashi kikokotoo?

SWALI: Nimesoma kwamba mashine za mwezini zinaweza kupelekewa umeme kwa kumulikwa sola zake na leza. Nikamulika kipaneli cha kikokotoo kwa leza nyekundu; mita ikabaki karibu na sifuri. Taa ya chumbani inakiwasha vizuri. Nimekosea wapi? — Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Leza yako ni nzima. Kitazame kipaneli kwa karibu: mistari myembamba hukigawa vipande, mara nyingi vinne. Kila kipande ni seli, na zimeungwa mfululizo, kwa hiyo mkondo lazima upite zote. Nukta ya leza inaangukia moja. Zilizo gizani zinaukaba.

Tafuta seli moja ya silikoni, hata kipande kutoka paneli iliyovunjika, ilimradi nyaya zishike pande zote mbili. Weka mita kwenye miliampea, funga madirisha. Leza ya miliwati 5, nanomita 650 (kipimo cha rangi yake, nyekundu), itakupa kama miliampea 2.

Tatizo hilo hilo la seli zisizomulikwa sawa linawasumbua wahandisi wa anga. Mwale hung'aa zaidi katikati kuliko pembeni, basi seli za pembeni huzivuta chini za katikati. Dawa mojawapo ni kukata seli kama vipande vya chungwa kuzunguka kitovu, kila moja ipate mgawo sawa. Mwale ukihama kitovu, faida hiyo inapotea.

Wanahangaika kwa sababu nzuri. Jua lina rangi nyingi: nyingine seli haizinasi, nyingine huacha joto tu. Leza ina rangi moja, inayochaguliwa kulingana na seli. Mwaka 2021 taasisi ya Fraunhofer ISE, Ujerumani, ilipata ufanisi wa asilimia 68.9 kwa seli ya galiamu arsenidi (hutumika badala ya silikoni) na leza ya nanomita 858; paneli ya paa ni kama 20. Ila leza yenyewe hula umeme mwingi kabla ya kutoa mwanga, na mwezini hakuna upepo wa kupoza seli. Hata hivyo, usiku wa mwezini ni kama siku 14 za huku kwetu, na betri za kuuvuka ni mzigo mzito mno.

Rudi kwenye kikokotoo. Pitisha mwale kwenye kichupa cha mviringo chenye maji safi: nukta itatanuka kuwa mstari. Ulaze ukatize seli zote nne, mita itapanda. Elekeza leza chini mezani na usiinamishe uso karibu. Kioo hurudisha mwale machoni.