Star Trek: Uanzie Wapi?

Kila ninapompendekezea mtu Star Trek, hadithi za kubuni za televisheni kuhusu safari za anga, swali huwa moja: nianze na upi? Mfululizo wa kwanza ulianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966, na tangu hapo imetoka mingine mingi, ya katuni ikiwemo. Ushauri wangu ni kwamba usifuate mpangilio wa miaka. Jiulize kwanza unapenda hadithi ya namna gani: ile ambayo wahusika hutatua jambo wakaondoka, au ile ambayo wanabaki kuishi na walichokifanya.

Kama ni ya kwanza, anza na The Next Generation (1987–1994). Nahodha Picard na watu wake hufika kwenye sayari, hukutana na kisa, kisha chombo hung'oa nanga. Karibu kila sehemu inajitosheleza, kwa hiyo hata mwenye bando dogo anaweza kutazama moja moja bila kupotea. Msimu wa kwanza uruke, wahusika walikuwa bado hawajakaa sawa. Tafuta “The Measure of a Man” katika msimu wa pili, ambamo inabidi iamuliwe kisheria kama Data, roboti mwenye umbo la mtu, ni mali ya jeshi au ana haki ya kujiamulia mambo yake. Ikikugusa, hamia msimu wa tatu na usirudi nyuma.

Ila kwangu mimi bora kuliko zote ni Deep Space Nine (1993–1999), na hapa natetea bila kusita. Humo hakuna chombo kinachoondoka. Kuna kituo cha anga karibu na sayari ya Bajor, ambayo ndiyo kwanza imetoka kwenye ukoloni wa Wakardasia uliodumu takriban nusu karne. Wakoloni wameondoka, lakini majirani wanaoshukiwa kuwa walishirikiana nao wapo, viongozi wa dini wanagombania madaraka, na Kira Nerys, aliyekuwa mpiganaji wa msituni, sasa ni ofisa anayetakiwa kukaa meza moja na maadui wa jana. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa hayo. Tazama “Duet”, karibu na mwisho wa msimu wa kwanza: karibu yote ni Kira na Mkardasia mmoja mahabusu, wakizungumza. Siwezi kukusimulia mwisho wake, nitakuharibia.

Na kwa kuwa watu hawaondoki, mambo hujirundika. Vita na Dominion, dola adui kutoka upande wa mbali wa galaksi, vinapolipuka, kamanda Benjamin Sisko, anayeigizwa na Avery Brooks, anajikuta katika “In the Pale Moonlight” (msimu wa sita) akifanya jambo ambalo sidhani kama Picard angeruhusiwa na waandishi wake kulifanya. Nimeitazama mara nyingi na bado sijui ningemhukumu vipi. Usianze nayo lakini; bila kumjua Sisko wa misimu ya nyuma, haina uzito.

Voyager (1995–2001) ina wazo zuri sana: chombo kimetupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000, safari ya kurudi nyumbani ni ya miaka 75, na ndani yake wanajeshi na waasi wanalazimika kuishi pamoja. Inasikitisha kwamba uhasama wao unaisha mapema mno, na chombo kilichopigwa wiki hii kinang'aa wiki ijayo. Inapata nguvu msimu wa nne anapoingia mhusika mpya, Seven of Nine. Kate Mulgrew kama Nahodha Janeway, hata hivyo, ni wa kumtazama tangu mwanzo.

Mwenye muda mchache namwelekeza Strange New Worlds, iliyoanza 2022. Msimu una sehemu kumi tu, visa vinajitegemea kama zamani, na picha ni za kisasa. Humo Uhura, mhusika wa tangu mfululizo wa kwanza, ni kijana aliyekulia Kenya. Ukishampenda, ndipo urudi 1966 umwone Nichelle Nichols akimwigiza Uhura kwa mara ya kwanza, tena katika “The Man Trap” utamsikia akizungumza Kiswahili. Discovery, mfululizo mwingine wa miaka ya karibuni, iache baadaye: msimu wake wa tatu unaruka zaidi ya miaka 900 mbele, na anayeanza nayo hana namna ya kujua ni kitu gani kilichopotea katikati.