Wanafunzi 28 na fanani mmoja: klabu ya mchezo wa uhusika iendeshwe vipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Nimeanzisha klabu ya mchezo wa uhusika, ule wa kukaa mezani, kila mmoja akawa mtu fulani ndani ya hadithi na dadu ikaamua kama alichojaribu kimewezekana. Waliojiandikisha ni 28. Nina kitabu kimoja cha mchezo maarufu wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons, cha Kiingereza, na dakika 80 kila Alhamisi baada ya vipindi. Siku ya kwanza dakika 50 ziliishia kwenye kujaza karatasi za wahusika. Tulipoanza kucheza, wawili walizungumza wao tu, wengine wakasinzia. Tena mzazi mmoja ameshauliza kama huu ni uchawi, na mwingine kama ni kamari. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole, na hongera pia. Watoto 28 kubaki shuleni kwa hiari yao baada ya kengele ya mwisho si jambo dogo, na mimi niliyelea klabu ya aina hii nakuomba usiiache.

Kilichokukwamisha si kitabu. Ni kwamba ulikuwa fanani mmoja, yaani msimuliaji mmoja, mbele ya hadhira ya watu 28. Kwetu fanani akisema "Hadithi, hadithi", hadhira huitikia "Hadithi njoo", kisha husikiliza. Katika mchezo huu hadhira yenyewe ndiyo inayoamua mhusika aende wapi na aseme nini, kwa hiyo kila mtu anahitaji zamu, na zamu hazitoshi meza ikizidi watu watano au sita. Basi kazi yako ya muhula huu ni moja: kulea fanani watano miongoni mwa wanafunzi. Watano wakiongoza, wanabaki 23, yaani wanne au watano kila meza. Wewe utapita kati ya meza.

Usiwachague wasemaji hodari pekee. Wale wawili waliotawala kipindi chako wanaweza kufaa, lakini mtafute pia yule anayeuliza wenzake "halafu ikawaje?" Huyo anasikiliza, na kusikiliza ndiyo nusu ya kazi ya fanani.

Wakati unawafundisha, klabu isisimame. Kwa Alhamisi tatu za mwanzo gawa darasa makundi matano, kila kundi limiliki mhusika mmoja. Wewe simulia, kundi lishauriane kwa dakika moja, kisha mmoja aseme uamuzi wao. Safari nyingine aseme mwingine. Siku moja katikati ya wiki, saa ya mapumziko, wachezeshe wale fanani watano tukio litakalofuata. Alhamisi ya nne wape meza zao. Watakosea. Waache wakosee, uwasahihishe faragha baadaye.

Sasa kanuni. Weka pembeni karatasi ya mhusika iliyomo kitabuni. Ni nzuri, lakini si ya kuanzia. Mhusika awe na jina, kazi, kitu kimoja anachokitaka sana, na sifa tatu: Nguvu, Akili na Ulimi. Mwanafunzi agawe +2, +1 na 0 atakavyo. Dakika tano zinatosha. Akijaribu jambo gumu, arushe dadu mbili za ludo, ajumlishe na sifa inayohusika. Akipata 10 au zaidi, amefanikiwa. Akipata 7 hadi 9, amefanikiwa ila kuna gharama. Akipata 6 au chini yake, mambo yanaharibika. Mtindo huu wa ngazi tatu unatumika katika michezo mingi ya aina hii, nami naupenda kwa sababu ya hesabu yake. Dadu mbili zina matokeo 36. Kwa sifa ya 0, matokeo 6 ni ushindi kamili, 15 ni ushindi wenye gharama, 15 ni kushindwa. Kwa sifa ya +2 ni 15, 15 na 6. Ile ngazi ya katikati haipungui 15 kwa yeyote, na ndiyo inayozaa hadithi: umepanda ukuta, lakini kilemba kimebaki juu, na mlinzi amekiona.

Kushindwa nako kusifunge njia. Mlango usipofunguka na habari zote zimo ndani, meza nzima inakaa kimya. Useme umefunguka kwa kishindo, na mtu anakuja.

Wakiitamani dadu ya pande 20, kata vikaratasi 20 vyenye namba, vitie koponi, mtu achomoe kimoja. Ila akirudishe kabla ya mwenzake kuchomoa, la sivyo nafasi za kila mmoja zinabadilika.

Kuhusu wale wanaosinzia, kila mchezaji apewe kete tatu. Komwe za bao au punje za maharage zinafaa. Ukifanya jambo, unatoa kete moja. Zako zikiisha, unasubiri hadi za wote ziishe, ndipo zinagawiwa upya. Msemaji sana hujifunza kuchagua la kusema, na mkimya huona wenzake wanamngoja.

Hadithi itoke kwenye somo lako. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na mji ule ulikuwa unatajirika kwa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Anza hapo: pepo za kusi zimeanza kuvuma, jahazi la wageni litang'oa nanga alfajiri, na mzigo wa dhahabu haupo ghalani. Usiandike mwisho. Andika watu watatu (nahodha, mlinzi wa ghala, mfanyabiashara mwenye deni), anachotaka kila mmoja na anachoficha. Kila siri iwe na dalili tatu za kuifichua, maana wanafunzi wataruka mbili bila kuziona.

Kitabu chako kina hakimiliki, usikitoe fotokopi. Lakini tangu Januari 2023 kanuni za msingi za mchezo huo, hati iitwayo SRD 5.1, zimewekwa chini ya leseni huria iitwayo Creative Commons. Hizo unaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzigawa, mradi utaje chanzo.

Wazazi wale usiwabeze. Hata Marekani, mchezo ulikozaliwa mwaka 1974, miaka ya 1980 wazazi wengi waliuogopa wakiuhusisha na uchawi. Mweleze mkuu wa shule kwanza, kisha waalike wazazi wakae mezani na wacheze tukio moja. Ondoa mapepo na matambiko, Kilwa haivihitaji. Kuhusu kamari, weka sharti hadharani: hakuna fedha, hakuna dau, hakuna zawadi inayotokana na dadu. Mzazi akikataa bado, mtoto wake atumie vikaratasi, na akikataa hata hivyo, ndiye mzazi.

Katikati ya kila meza weka kadi yenye alama ya X. Atakayeigusa, jambo linalosimuliwa linaachwa papo hapo, wala haulizwi sababu. Nilianza bila kadi hiyo. Siku moja nilisimulia mama wa mhusika akifariki, na kijana mmoja akainuka akatoka nje. Alikuwa amefiwa na mamake mwaka ule ule, nami sikuwa najua.

Kila Alhamisi simamisha mchezo zikibaki dakika kumi. Fanani waandike mstari mmoja wa walipoishia, kisha kusanya karatasi zote za wahusika ukazifungie kabatini kwako. Zikienda nyumbani, wiki inayofuata nusu hazitarudi, na utatumia tena dakika 50 kuzijaza.