Barua kwa mwanangu: wodi ipi?

Mwanangu,

Umeuliza ni nini kilimfanya shangazi yako aache kuwa baba yako mdogo, maumbile au uamuzi, na kwa nini wanawake wa namna yake, waliozaliwa wakaitwa wavulana, watu huwaona kichekesho au hatari. Ukachomekea na lile la babu: je, alikosea kumfukuza?

La kwanza sina mengi. Chanzo kimoja madaktari hawajakipata. Ila Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, lililiondoa jambo hili, la nafsi kukataa jinsia mtu aliyopewa alipozaliwa, kwenye fungu la magonjwa ya akili. Si wazimu, basi. Wengi husukumwa na dhiki ya kuitwa na kuonwa vile ambavyo nafsi inakataa. Kuna wanaotumia estrojeni, homoni ya kike, kuna wanaopasuliwa, na kuna wanaobadili jina na mavazi tu. Shangazi yako alihangaika na sauti, maana ikishavunjika homoni hiyo hairudishi wembamba wake. Ndiyo yale mazoezi ya bafuni mliyokuwa mkiyacheka. Mimi nasema siku zote, na najua mmenichoka: hakuna anayenunua dhihaka kwa fedha zake.

Maneno mazuri hayo. Sasa sikia.

Usiku ule alipougua tumbo, mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Nesi akatazama kadi, akatazama gauni, kisha akanigeukia mimi: "Mzee, alale wodi ipi?" Shangazi yako alikuwa amejikunja kwa maumivu, lakini aliinua macho. Nikasema, "Ya wanaume."

Alilala huko siku tatu, uso ukutani. Hoja nilikuwa nazo: kadi ilisema hivyo, usiku ulikuwa mkubwa, sikutaka zogo. Lakini nesi kadi alikwisha kuisoma, bado akauliza. Mlango ulikuwa wazi, nikaufunga mimi.

Siku ya pili nikamkuta mgonjwa wa kitanda cha jirani, mguu umefungwa plasta, anamwambia, "Dada, maji yako haya." Dada! Mtu hata jina halijui. Nilimchukia yule bwana wiki nzima.

Unajua, lugha yetu ilinisitiri. "Yeye" haina kike wala kiume, na "ndugu yangu" inamtosha yeyote. Nilijibanza humo miaka minane. Wewe ulimwita shangazi asubuhi moja, ukarudi kwenye michezo yako.

Kuhusu jamii, nadhani tunawaona wameshuka. Msichana akifanya kazi ngumu tunasema ana moyo wa kiume, nayo ni sifa. Mwambie mvulana ana moyo wa kike uone. Mwaka 1952, Christine Jorgensen, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji Denmark, alitolewa ukurasa wa mbele na gazeti la New York, na jambo la kwanza kwenye kichwa cha habari ni kwamba alikuwa askari. Cheo alichokiacha ndicho kilichowashtua. Na anayeshuka kwa hiari watu humdhania ana hila; hofu huanzia hapo.

Michezo ndiyo inayonitatiza. Mwaka 2023 Shirikisho la Riadha Duniani liliwazuia waliopitia balehe ya kiume wasishindane na wanawake katika mashindano yake ya kimataifa. Nikisoma nasema, wana hoja. Kisha najiuliza, mbona hoja ya mbio inaletwa hata mtu anapotafuta kitanda cha kulazwa? Shangazi yako hajawahi kukimbia ila mvua. Lakini hoja bado ni hoja. Sijui nikuambie nini. Hakuna anayenunua dhihaka kwa fedha zake, hilo ndilo ninaloweza kulisimamia.

Kama babu alikosea? Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, na kulimeza kunaniuma. Ila babu alimfukuza akiwa na hasira. Mimi nilisema "ya wanaume" nikiwa nimetulia kabisa. Acha nisimhukumu kwanza.

Mwenyewe anadai habari ya wodi ameisahau. Juzi, tukizungumza mambo mengine kabisa, akaniuliza kama yule bwana wa plasta aliwahi kupona mguu. Nikamwambia sijui.

Baba yako