Maua ya ufukweni hufa kila Januari: ni baridi, ni maji au ni chumvi?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Naishi Worthing, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Sisi majirani wa mtaa mmoja, Waswahili wachache na Waingereza, tumeruhusiwa na halmashauri kutunza masanduku ya zege na tuta moja la maua kando ya njia ya ufukweni. Oktoba iliyopita tulipanda jeraniamu, lavenda, pansi na vichaka viwili. Kufika Januari vyote vilikuwa vimekufa, majani yamebabuka. Wengine wakasema ni baridi, wengine wakasema hatukumwagilia vya kutosha, basi tukazidisha maji. Tulipong'oa tukakuta mizizi imelowa chepechepe. Mwaka huu tunataka mbele ya bahari papendeze kipupwe chote. Tupande nini, na lini? Mwani unaotupwa ufukweni unafaa kwa mbolea? Na kuna mzee wetu anataka mnazi.

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Ahsante kwa kueleza hali ya mizizi, maana bila hiyo ningekujibu nusu. Mimea yenu haikufa kifo kimoja. Jeraniamu ziliuawa na baridi: asili yake ni Afrika Kusini, na zile za kawaida zinazouzwa kwa maua ya kiangazi hazistahimili umande unaoganda. Lavenda iliuawa na maji. Jani lake la rangi ya majivu linaivumilia chumvi vizuri, ila mizizi yake haitaki kukaa kwenye tope baridi. Vichaka, kwa maelezo yako ya kubabuka, nashuku chumvi.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kipimo chochote. Jalidi hulainisha. Ncha changa hugeuka nyeusi, zikalegea na kuteleza ukizibonyeza, na huwa hivyo pande zote za mmea. Chumvi hukausha. Kahawia huanzia nchani na ukingoni mwa jani, jani likawa gumu la kuvunjika, na upande unaotazama bahari ndio ulioumia, ilhali mgongoni mwa kichaka majani bado ni kijani. Siku moja au mbili baada ya dhoruba, kama mvua haijanyesha, pitisha kidole juu ya jani la upande wa bahari kisha ukirambe. Utaipata.

Yaliyotokea ni haya. Dhoruba kubwa za pwani hiyo huja kutoka kusini magharibi, zikibeba manyunyu ya maji ya bahari. Chumvi ikitua juu ya jani huvuta maji kutoka ndani yake, na upepo wenyewe unakausha. Chini, udongo ni baridi, mizizi haifanyi kazi, na pale ilipozama majini inakosa hewa. Mmea unakufa kwa kiu huku mizizi imelowa. Mkiongeza maji mnaongeza tatizo. Kuanzia Novemba hadi Februari sanduku lenye udongo mzuri halihitaji kumwagiliwa, isipokuwa pasiponyesha kwa muda mrefu.

Baridi yenyewe, kusema kweli, ndiyo adui mdogo hapo kwenu. Bahari ya Sussex, eneo lenye mji wenu, hata mwezi wa Februari huwa na nyuzijoto kama 8, na hewa inayopita juu yake inauzuia mji usigande kama miji ya bara. Kwa hiyo unaponunua mche wenye kibandiko cha kusema unastahimili baridi, bado hujajibiwa swali lako. Tafuta neno la kustahimili upepo wa bahari.

Na ndiyo maana nawaomba, kabla ya kununua ua hata moja, mshughulikie upepo. Msijenge ukuta. Upepo ukigonga kitu kisichopenyeka hupanda juu, ukashuka nyuma yake kwa kujizungusha, na mimea ya nyuma huumia zaidi. Kinachofaa ni kitu chenye matundu, karibu nusu wazi na nusu imezibwa: uzio wa fito zilizosukwa, au wavu maalumu wa kupunguza upepo. Kinga ya namna hiyo yenye kimo cha mita 1 hupunguza upepo hadi umbali wa kama mita 10 nyuma yake, ingawa nafuu kubwa iko karibu. Wazee wetu wa Pwani walipanda mivinje kando ya bahari, na mvinje unaweza kazi hiyo kwa sababu vijani vyake vyembamba vinauchuja upepo badala ya kuuzuia. Mvinje hautaishi Sussex, lakini kichaka kiitwacho Tamarix hufanya kazi ya namna hiyo. Hupukutisha majani wakati wa baridi, ila matawi yake membamba mengi yanaendelea kuchuja. Uzio kwenye njia ya umma unahitaji kibali chake. Ile ruhusa mliyopewa ya kutunza maua huenda haiutoshi, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi.

Sasa mimea. Naandika majina ya kisayansi kwa sababu ndiyo yatakayokuwa kwenye kibandiko dukani. Kwa tuta lenu uti wa mgongo uwe vichaka vya kijani mwaka mzima: Euonymus japonicus, wenye jani nene linalong'aa, unaivumilia chumvi kuliko karibu kila kichaka ninachokijua, Elaeagnus × ebbingei, ambao chini ya jani lake ni fedha na maua yake madogo ya vuli yananukia vizuri mno, Griselinia littoralis, wa kutoka New Zealand, wenye kijani cha tufaha. Mbele yake pandeni Brachyglottis ‘Sunshine’ wa rangi ya majivu na rozmari. Viburnum tinus huchanua katikati ya baridi, lakini uwekeni nyuma ya kinga. Chini kabisa, ukingoni, Armeria maritima: kishungi cha majani membamba kinachomea chenyewe kwenye miamba ya pwani za Uingereza, na Mei kinatoa vichwa vya maua ya rangi ya waridi.

Tazama yanayofanana hapo: jani nene lenye nta, au jani dogo, au jani lenye manyoya ya fedha. Ukisahau majina yote, chagua kwa jani. Jani pana, laini, jepesi mithili ya karatasi, liache dukani.

Njia ya gharama ndogo kuliko zote ni kutembea. Mkusanyike Jumamosi moja mpite barabara ya kwanza inayotazama bahari, mkitazama bustani za mbele za nyumba. Kichaka kilichokaa hapo miaka kumi kimeshafaulu mtihani ambao mwenye duka hawezi kuwathibitishia. Gongeni mlango, ombeni vipandikizi. Rozmari na Hebe, kichaka kingine cha kijani mwaka mzima, huotesha mizizi kwa urahisi mkikata vijiti visivyo na maua mwishoni mwa Agosti, urefu wa kidole, mkavitoa majani ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga safi uliochanganywa na mboji. Wenye bustani pwani hupenda kuombwa, na mara nyingi anayetoa kipandikizi anajiunga na kikundi.

Kuna mmoja ninaowaomba msiupande, ingawa utausikia ukisifiwa kila mahali kwa bahari: Rosa rugosa, waridi la asili ya Asia ya Mashariki. Ni kweli haujali chumvi. Tatizo ni kwamba hutoroka bustanini, ukaenea kwenye kokoto za ufukwe na kuisonga mimea ya asili kama Crambe maritima, kabichi pori la bahari lenye majani ya buluu mnaloliona likimea kwenye mawe matupu. Sheria ya Uingereza imeuorodhesha miongoni mwa mimea isiyoruhusiwa kuoteshwa porini. Na hilo kabichi pori pia msiling'oe mkalihamishie kwenye masanduku. Kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya 1981.

Kuhusu lini: mlichelewa. Mmea ukipandwa Septemba unakuta udongo bado una joto la kiangazi, na unapata wiki kadhaa za kuotesha mizizi kabla ya ukuaji kusimama, nyuzijoto zikishuka chini ya 5 au 6. Uliopandwa mwisho wa Oktoba unaingia kwenye dhoruba na mizizi ile ile ya kwenye chungu cha duka. Desemba mchana wenyewe kusini mwa Uingereza una urefu wa takriban saa 8 tu, kwa hiyo usitarajie mmea ujijenge wakati huo. Vichaka vyote viwe ardhini kabla ya Septemba kwisha. Tamarix wa mizizi mitupu, usio na chungu, unaweza kungoja Novemba hadi Machi, na ni wa bei nafuu.

Kwa maua ya rangi, acheni pansi kubwa, petali zake zinachanwa na upepo. Chukueni Viola za maua madogo, mzipande Septemba. Zitachanua baridi ikilegea na kupumzika ikikaza. Ongezeni Erica × darleyensis, kichaka kifupi ambacho hushika maua kuanzia Desemba au hata mapema hadi machipuko. Balbu, yaani vitunguu vya maua, ziwe za shina fupi: krokasi, na Narcissus ‘Tête-à-tête’, ambaye hafiki hata kimo cha goti na hivyo havunjiki. Fukieni Septemba, kina cha mara tatu ya kimo cha balbu. Tulipu peke yake zingoje Novemba, kwa sababu udongo ukishapoa ugonjwa wake wa ukungu hupungua.

Masanduku ya zege yanahitaji kazi kabla ya yote. Yamwageni. Mtafute matundu ya chini, myatoboe kwa nondo. Nahisi mtakuta yameziba kwa mizizi ya zamani na tope lililogandamana. Mimina ndoo ya maji kwenye sanduku tupu na uone inatoka. Kisha jazeni mchanganyiko wa sehemu 3 za udongo wa bustani wa kununua, ule wenye udongo halisi ndani yake, kwa sehemu 1 ya kokoto ndogo zilizooshwa. Mboji tupu ya mifuko hushika maji kipupwe chote, na nadhani ndiyo iliyoiua lavenda yenu. Juu tandazeni kokoto kidogo ili shingo ya mmea ikae mkavu. Kokoto zinunuliwe. Za ufukweni zina chumvi, na kuzichukua kunaweza kuwatia matatani.

Mwani, ndiyo, unafaa. Wakulima wa visiwa vya Scotland na Jersey wameutumia kwa karne nyingi, una potasiamu nyingi na haubebi mbegu za magugu. Ombeni ruhusa ya halmashauri, mchukue ule uliolegea baada ya dhoruba, wala si wote, kwa sababu viumbe wa ufukweni wanajificha humo. Ulazeni mahali mvua inaponyeshea kwa wiki kadhaa, au mwuchanganye kwenye lundo la mboji, ndipo muutandaze kwenye tuta wakati wa vuli. Kwenye masanduku usitie. Msiukate ulio hai majini: tangu 2021 nyavu za kukokota zimepigwa marufuku karibu na pwani ya Sussex ili misitu ya mwani mkubwa irudi. Kwa sisi tuliokua tukiona mwani ukifungwa kwenye kamba Paje na Jambiani kule Zanzibar, hilo ni jambo la kufurahia.

Mzee wenu anayetaka mnazi, mpeni salamu zangu, na mwambieni mnazi hautavuka Novemba ya kwanza. Lakini hamu yake ina jibu. Chamaerops humilis ni mtende mfupi wa Mediterania, jani gumu, unavumilia chumvi, upepo na baridi ya kama nyuzijoto 10 chini ya sifuri ukiwa umekomaa na udongo haujatuamisha maji. Trachycarpus fortunei ndio mgumu zaidi kwa baridi, ila majani yake mapana yanararuliwa ufukweni. Ile miti ya Torquay, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, inayoonekana kwenye picha za utalii ni Cordyline australis, si mtende hasa. Kwa chumvi ni hodari, lakini baridi kali ya Desemba 2010 iliiangusha mingi Uingereza, na mingi kati ya hiyo ikachipua upya kutoka chini. Ningeweka Chamaerops mmoja kwenye sanduku kubwa kuliko yote, karibu na benchi anapokaa mzee.

Na hapo niseme jambo la mpango. Kiangazi ufukwe huo ni wa wageni. Januari ni wa wenyeji: wazee kwenye mabenchi, mama na kigari cha mtoto, anayengoja basi. Msisambaze mimea michache katika urefu wote wa njia. Ikusanyeni pale watu wanapokaa, Elaeagnus nyuma na rozmari upande wa kuegemea ili mkono ukiigusa unukie, na njia ibaki pana ya kutosha kiti cha magurudumu. Mkitaka kushindana baadaye, mashindano ya Britain in Bloom yapo tangu miaka ya 1960 na yana nafasi kwa vikundi vidogo vya mitaa. Mwaka wa kwanza msijisumbue nayo.

Dhoruba ikipita bila mvua, mtu mmoja apite na maji baridi ya bomba asubuhi yake kuosha majani, mradi haikutabiriwa kuganda usiku. Na majani yakibabuka msikimbilie kung'oa. Kata ya kahawia mwisho wa Machi, kisha kwaruza gome la tawi kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani na unyevu, kichaka ki hai, nacho kinaweza kungoja hadi mwisho wa Mei ndipo kichipue. Pakiwa kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Ni mpaka ufike shinani bila kuona kijani ndipo nafasi ile iwe ya mche mwingine, na huo mpya upandwe Septemba, si siku hiyo.