Kisu cha porini: someni kabla hamjawasha grainda

Wadogo zangu, michoro yenu nimeiona. Meno ya msumeno mgongoni, vishimo vinne vya vidole kwenye mpini, unene wa milimita 7, na matundu matatu kwenye bapa ambayo hakuna aliyeweza kuniambia ni ya nini. Mmechora vizuri, sikatai. Ila kila mchoro nimeuuliza swali moja: hiki kitachonga kijiti? Maana kazi ya kisu porini ndiyo hiyo kwa siku nyingi: kuchonga, kukata kamba, kupasua vikuni, kuandaa cha kula. Kupambana na chui hakumo kwenye ratiba.

1. Mkono kwanza, karatasi baadaye. Kata mfano wa plaiwudi wa ukubwa uleule, ushike, uchonge nao hewani kwa dakika kumi. Makali ya sentimita 10 hadi 13 yanamaliza kazi nyingi, na mpini uwe sentimita 11 au 12 ili kiganja kizima kikae. Vile vishimo vya vidole mnavyovipenda ni gereza. Vinakubali mshiko mmoja tu. Geuza kisu makali yatazame juu, ukivutie kifuani kama tunavyofanya tukikata kamba nene, uone vile vinundu vinavyokufinya. Kuna kijana karakana alinibishia hapa wiki nzima. Nikampa kile kisu chake na rundo la vijiti vya kuchonga vigingi vya hema. Kabla rundo halijafika nusu alikuwa ameshafunga kitambaa kwenye mpini. Sikusema kitu, nilikuwa na kazi ya kucheka.

2. Milimita 4 zinatosha, hata 3 na nusu. Kisu kinene kinasukuma mti pembeni badala ya kuukata. Tena unene wa mgongo si habari kubwa hivyo, habari ni unene wa nyuma tu ya makali. Teremsha bapa kutoka mgongoni likonde kuelekea makali, halafu noa nyuzi 20 kila upande. Basi.

3. Kona za ndani. Hapa vuteni viti.

Nilipoanza nilipenda kona kali. Kisu changu kimoja kilikuwa na mkia mwembamba, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, na pale bapa linaposhuka kuingia mkiani nilikata kwa tupa ya mraba, kona ya nyuzi 90 kamili, nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Fundi aliyekuwa akinifundisha alipita, akaitazama, akasema, "Hiyo kona itakuja kukudai." Nikadhani mzee ana wivu.

Ikaja zamu ya kukifanya kigumu. Nikakipasha mpaka sumaku ikaacha kushika, nikaongeza moto kidogo, nikakizamisha kwenye mafuta. Nikasikia *ti*. Mlio mdogo, hata hauvuki meza. Aliyewahi kuzamisha chuma anaujua, na mimi niliujua. Lakini nilikuwa nimemaliza siku nyingi kwenye kile kisu, kwa hiyo nikaamua kwamba ni koleo limegonga ukingo wa ndoo. Sikukikagua kwa lenzi. Sikukigonga nikasikiliza sauti yake. Nilijua nikiangalia nitaona, basi sikuangalia. Nikakioka kwenye oveni ili kisivunjike kirahisi, nikakivisha mpini, gundi na ribiti vikaficha kila kitu, nikampa shemeji zawadi.

Shemeji akaenda nacho kambini. Akakisimamisha juu ya kipande cha gogo, akagonga mgongo kwa rungu kama watu wote wafanyavyo. Bapa likabaki kwenye gogo, yeye akabaki na mpini. Hakuumia, na mpaka leo hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kujivunia katika mkasa ule. Vipande alivirudisha vimefungwa kwenye gazeti, hakutamka neno. Dada yangu akasema kwa niaba ya wote wawili, na hakufanya haraka.

Nikaviweka chini ya taa. Sehemu kubwa ya pale kilipovunjikia ilikuwa ya kijivu safi, chembe laini kabisa. Chuma hakikuwa na kosa. Lakini kuanzia kwenye ile kona, eneo dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho lilikuwa na rangi ya kahawia inayoelekea weusi: mafuta yaliyoingia ndani yakaokwa humohumo. Mahali palipovunjika kambini pasingeweza kuwa na rangi ya oveni yangu. Ufa ulikuwepo tangu kwenye ndoo, nami nikaupamba kwa mpini.

Sababu ni hii. Chuma kikizamishwa, sehemu nyembamba inapoa kabla ya nene, na kinapogeuka kuwa kigumu kinatanuka kidogo. Mivutano yote inatafuta pa kutokea, na kona kali ndiyo mlango. Kwa hiyo toboa kwanza tundu la milimita 6 pale kona itakapokaa, halafu kata kulifuata tundu, kona ibaki ya mviringo. Huo ndio ujanja wote. Ni kazi ya dakika mbili kwenye drili. Hesabu hiyohiyo ipo kwenye kijishimo cha kunolea pale makali yanapoishia karibu na mpini, kwenye chapa za jina mnazogonga kwa nyundo kabla ya moto, na kwenye yale meno ya msumeno, ambayo ni kona kali zilizopangwa foleni. Na kisu cha kupasulia kuni nakitaka kiwe na mkia wa upana wa mpini wote. Kikikulemea, toboa mkia matundu chini ya mbao za mpini.

4. Makali yaache na unene wa milimita 1 au zaidi kabla ya moto. Yakiwa membamba yatapinda au kupasuka.

5. Mgongo uwe na pembe kali ya nyuzi 90 ili ukwangue cheche kutoka kile kijiti cha chuma cha kuwashia moto. Lakini pale kidole gumba kinapokandamiza, ulainishe, tafadhali.

6. Anzeni na chuma mnachokijua jina. 1084, aina ya chuma cha kaboni, inasamehe mengi: ipashe karibu nyuzi 815 za Selsiasi, mafuta yawe ya vuguvugu, kisha oka nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili, mara mbili. Ndugu yake 1095 inataka ipozwe haraka sana ndani ya mafuta, kwa hiyo iacheni mpaka mzoee. Springi za gari ni chuma kizuri, ila zimepigwa na mashimo ya barabarani maisha yao yote na zinaweza kuja na nyufa zake kabla hata hujazigusa. Na ukirudi kwenye grainda baada ya moto, shika bapa kwa vidole vitupu. Likikuchoma, litie maji. Ukiona buluu kwenye makali, ugumu umeshaondoka, na hakuna msasa wa kuurudisha. Msije kwangu na chupa ya kung'arishia.

7. Ala ichoreni pamoja na kisu, siyo baadaye kwa ngozi iliyobaki. Ngozi hunywa unyevu, na chuma cha kaboni kikilala humo kitaamka na kutu, kwa hiyo nyumbani kihifadhini nje kikiwa kimepakwa mafuta. Acheni kitundu chini maji yatoke. Mkimaliza, geuzeni ala kichwa chini muitikise kwa nguvu, juu ya mchanga, si juu ya mguu. Kisu kikidondoka, ala haijaisha.