Fundi wa kucha, anza na huduma ya kutoa

Jioni ya mwisho ya Shaabani, watu wakiwa nje wanatafuta mwezi, mimi huwa ndani nimeinamia vidole. Chumba changu kiko Kisauni, kina viti viwili na pazia mlangoni. Usiku huo wateja hukaa mpaka barazani. Shaabani ni mwezi wa harusi Mombasa, kwa hivyo mikono iliyopambwa wiki mbili zilizopita yote inataka kuvuliwa kabla ya tarawehe.

Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikuwa na taa ya kugandishia jeli, rangi za kila namna, unga wa akriliki wa kujengea kucha ngumu na tipsi, zile ncha za plastiki, za urefu wote. Asitoni, ile dawa ya kuziyeyusha na kuzitoa, nilikuwa nayo chupa moja, tena ndogo. Kufikia mteja wa tatu ikaisha. Wa nne alikuwa dada mmoja niliyemuwekea akriliki kwa harusi ya nduguye. Akaniambia, "Dadangu, mwezi umeandama, nitoe hizi nikaswali." Maduka ya mjini yalikuwa yamefungwa. Badala ya kumwambia ukweli, nikachukua kile chuma cha kusukumia ngozi, nikakiingiza chini ya akriliki, nikabinua.

Akriliki ya vidole vinne ilitoka. Ya kidole cha pete ikatoka na ngozi ya juu ya kucha yake mwenyewe. Nilisikia mlio, kama karatasi inayochanwa taratibu. Hakupiga kelele. Aliurudisha mkono ndani ya buibui, akakaa kimya, kisha akauliza ni pesa ngapi. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo kidonda cha katikati ya kucha huchukua miezi kadhaa kufika ncha na kukatwa. Muda wote huo, kila nikikutana naye sokoni Kongowea, macho yangu yalikwenda kwenye kile kidole.

Wasichana wengi wanaoanza kazi hii huniuliza waweke huduma gani: jeli, akriliki, kucha za kubandika, pedikyua, hina? Wengine tayari wana orodha ndefu waliyoitoa kwenye simu, kila huduma na picha yake. Mimi huwauliza swali moja tu: katika hizo, ni zipi unazojua kuzitoa bila kumuumiza mtu? Usiyojua kuitoa, usiiweke. Na hiyo kutoa yenyewe iandike ubaoni, iwe na bei yake, iwe juu kabisa. Mimi siku hizi hupata wateja wengi wanaokuja kutolewa kazi ya mafundi wengine, na kati yao wako waliokuwa wageni kabisa na sasa ni wateja wangu wa kila mwezi.

Kutoa kunataka subira kuliko kuweka. Kwanza mafuta kwenye ngozi inayozunguka kucha, maana asitoni hukausha. Kisha unasugua kwa tupa ule mng'ao wa juu mpaka kucha ififie, kwa sababu usipoufungua asitoni haipenyi. Pamba yenye asitoni juu ya kucha, foili juu ya pamba, halafu mwache mteja apumzike. Jeli ya kawaida huwa tayari kwa dakika 10 mpaka 15. Akriliki huchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Iliyo tayari inateleza yenyewe ukiigusa kwa kijiti cha mti. Ikikaza, rudisha pamba, funga tena, ngoja. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu, na mimi niliharibu hapo hapo.

Zipo jeli ngumu zisizoyeyuka kwa asitoni hata ukizifunga mpaka asubuhi. Hizo hupunguzwa kwa tupa au mashine, polepole, unaacha tabaka jembamba likue na kucha. Na ipo akriliki ya bei rahisi mno, yenye harufu kali inayopasua kichwa, ngumu kama jiwe, nayo pia hukataa kuyeyuka. Mara nyingi hiyo imechanganywa na kemikali ya MMA, ambayo serikali ya Marekani ilianza kuiandama mahakamani miaka ya 1970 baada ya watu kuumia kucha na vidole. Inayotakiwa ni kemikali nyingine, EMA. Muuzaji akishindwa kukwambia chupa ina nini, iache pale pale kwenye meza yake.

Sasa hizo nyingine unazichaguaje? Mimi nilinunua daftari la kurasa 48. Kwa wiki mbili nikaandika kila aliyeingia au aliyechungulia tu mlangoni ameulizia nini, hata kama sikuwa nacho. Nilitegemea kuona kucha ndefu zenye mawe na maua. Nilichokiona ni miguu. Magaga, kucha za miguu zilizoingia nyamani, mama wa makamo anayesema "nisafishie tu, usinipake kitu". Baada ya miguu, hina. Baada ya hina, kutoa. Kucha ndefu zilikuwa nyuma kabisa, na karibu zote zilikuwa za harusi. Fundi aliyefungua Nyali au Mtwapa atapata daftari tofauti na langu, na Desemba daftari lake litabadilika tena wageni wakishuka. Mhudumu au mpishi wa hoteli naye haruhusiwi kucha ndefu kazini, hivyo huyo muandalie usafi na kucha fupi iliyokatwa vizuri. La msingi ni kuandika mwenyewe, kwenye mlango wako.

Kwangu wateja wengi wanaswali, na hili ndilo lililonifundisha kazi kuliko kozi niliyolipia. Maji ya udhu lazima yafike kwenye kucha. Rangi huzuia, jeli huzuia, akriliki huzuia. Hina huacha rangi tu, haina tabaka, kwa hivyo haizuii. Mwanamke akiwa katika siku zake haswali, na wengi hutumia siku hizo kupaka. Huyo ukimpa jeli ya wiki tatu umemdhulumu, hata kama ameipenda kwenye picha. Haki yake ni rangi ya kawaida, ile ambayo mafundi wapya wanaiona ya kizamani na ya pesa kidogo. Kidogo kweli, lakini huja kupaka, hurudi kutoa, na mwezi ujao yuko hapo tena.

Ndiyo maana mteja akikaa kitini, kabla sijamuonyesha rangi hata moja, humuuliza: "Wataka zikae siku ngapi?" Simuulizi habari ya swala yake, hayo ni yake na Mola wake. Jibu la siku linanitosha. Usiku mmoja ni kucha za kubandika kwa stika badala ya gundi. Siku tano ni rangi ya kawaida. Wiki mbili tatu ni jeli. Zaidi ya hapo tunazungumza akriliki, na tunazungumza pia tarehe ya kuja kuzitoa, naiandika mbele yake. Wakiniuliza kuhusu zile rangi zinazouzwa kwa madai kwamba zinapitisha maji, huwaambia wamuulize shekhe wanayemwamini. Mimi ni fundi, siwezi kubeba dhamana ya udhu wa mtu.

Hizo za kubandika nilizidharau sana mwanzoni, nikiona ni kitu cha watoto. Leo ndizo huduma yangu kubwa ya harusi. Bibi harusi anakuja wiki moja kabla, napima vidole kumi kimoja kimoja, maana gumba la kulia na la kushoto hayalingani, naandika saizi, kisha nazipamba mezani kwangu kwa utulivu bila mtu kukaa saa tatu ananingoja. Siku ya siku nazibandika kwa nusu saa. Usiku au alfajiri anazibandua mwenyewe kwa maji ya vuguvugu na mafuta, anaziweka kwenye kiboksi chake, na kucha yake imebaki vilevile.

Hina naipenda, lakini siichori. Kuna dada mtaani kwetu ambaye mkono wake ukishika koni unatembea kama maji, na mimi nikijilazimisha nitatoa kazi ya kawaida tu. Wateja wa hina nampelekea yeye, wa kucha ananiletea mimi. Piko nyeusi nilikuwa nikiichanganya zamani, nimeiacha. Ule weusi wa haraka hutoka kwenye dawa ya nywele yenye kemikali ya rangi iitwayo PPD, na ngozi ya mtu ikiikataa hubabuka. Nimeshuhudia mkono wa msichana wenye ua zuri lililogeuka malengelenge, jani kwa jani, mchoro ukionekana wote. Mtu akishaupata mzio huo hukaa nao, hata dawa ya nywele inaweza kumdhuru miaka mingi baadaye. Hina halisi ni nyekundu ya kahawia na inataka saa kadhaa mkononi. Asiyeweza kungoja asilazimishwe uweusi.

Nirudi kwenye miguu, kwa kuwa ndiyo iliyolisha daftari langu. Nilipoanza kupata pesa nilitamani kile kiti cha pedikyua chenye mashine ya kuzungusha maji. Nikaahirisha, na nashukuru. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja walitokwa na majipu miguuni. Vijidudu vilikuwa vimejificha nyuma ya vichungi vya hayo mabeseni ya mashine, palipojaa nywele na ngozi ambazo hazikuwahi kusafishwa. Walionyoa miguu kabla ya kwenda saluni ndio waliokuwa hatarini zaidi, kwa sababu wembe hufungua vijilango vidogo kwenye ngozi. Mimi nina mabeseni manne ya plastiki, hayana pembe wala bomba la kuficha uchafu. Mteja akitoka, beseni husuguliwa kwa brashi na sabuni, hutiwa dawa ya kuua vijidudu na kuachwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, husuuzwa, hukaushwa. Jiwe la kisigino namkabidhi mteja aende nalo kwao.

Wembe wa kukata magaga sina na sitaki. Na kabla ya kutia mguu wa mtu kwenye maji, muulize kama ana sukari. Mwenye sukari anaweza kuwa amepoteza hisia miguuni, ukamkata au ukamuunguza kwa maji moto naye asijue, na kidonda kidogo kikawa kikubwa. Huyo mimi simloweki, sigusi ngozi yake kwa kitu chenye makali. Nampunguza kucha kwa tupa, moja kwa moja bila kuzungusha pembe, na nikiona kidonda au rangi nisiyoielewa namwambia aende kliniki. Mama mmoja alikasirika nilipokataa kumkata. Nilimwachia akasirike.

Kuna pia hali ya hewa yetu, ambayo video za nchi za baridi hazikuambii. Kuanzia Januari mpaka Machi maji ya kuchanganyia unga wa akriliki huruka haraka, na kile kidonge cha mchanganyiko kwenye brashi huganda kabla hujakitandaza. Mikono inatoa jasho, kucha haishiki, baada ya siku chache akriliki inainuka kwa nyuma. Maji yakiingia pale, bakteria huzaa na kucha hugeuka kijani. Kwa hivyo mimi akriliki naifanya asubuhi tu, dirisha wazi, barakoa usoni, wateja wawili kwa siku basi. Chupa za jeli ziweke mbali na dirisha, kwani jua likizipiga zinaganda kama zimewekwa kwenye taa. Taa yenyewe nunua inayochajiwa. Stima ikipotea mteja ana vidole vitano vibichi, utamwambia nini?

Jeli mbichi isiguse ngozi, yake wala yako. Mzio wa akrilati, kemikali zilizomo kwenye jeli, ukishakuingia hautoki, na kemikali za jamii hiyo hutumika kuziba meno na kwenye simiti ya mifupa hospitalini. Kama bado mkono wako unamwaga jeli pembeni mwa kucha, hiyo huduma haijafika wakati wake. Fanya mazoezi kwenye kucha za plastiki miezi miwili kwanza.

Bei sitakuwekea, maana ya Nyali si ya Kisauni. Ila hesabu kwa saa. Huduma ya shilingi 800 inayokula saa moja inakulipa kuliko ya 1,500 inayokula saa tatu, na hapo hujatoa vifaa. Nilipofanya hesabu hiyo niliondoa michoro mitatu niliyokuwa nikijivunia. Kwa wanaotaka niende kwao, nauli ya tuktuk na muda wa njiani viko ndani ya bei, malipo ya awali yanaingia kwa M-Pesa kabla sijafunga kibegi, na Likoni, ng'ambo ya feri, siendi siku ya Ijumaa jioni.

Ubao wangu leo una mistari sita: kutoa, miguu, rangi ya kawaida, jeli, za kubandika, na akriliki kwa miadi. Wiki ya pili ya Shaabani nanunua asitoni lita tano, foili mabunda mawili na pamba ya kutosha, naviweka chini ya meza na sivigusi. Anayetaka kutolewa usiku wa mwandamo aniandikie mapema, kwa sababu viti bado ni viwili, na kila mkono nautengea nusu saa yake kamili.