Kabla ya kupanga harusi, ulizia tarehe ya kiapo cha mzazi

Kaka yangu alifunga ndoa Agosti 2013, Korogwe. Mama yetu aliapa kuwa raia wa Marekani Februari 2014, Houston. Kati ya tarehe hizo mbili ni miezi sita, na miezi hiyo ndiyo iliyomwacha kaka Korogwe mpaka leo.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka napigiwa simu na mtu ambaye mzazi wake aliye Marekani "amemjazia makaratasi" ya kuhamia huko, naye yuko katikati ya vikao vya harusi. Wengine huuliza kabla ya ndoa. Wengi huuliza baada.

Mama alipata bahati nasibu ya viza, tukasafiri mwaka 2006. Mimi nilikuwa na miaka 19, nikaingia kwenye familia yake. Kaka alikuwa na 23, na bahati nasibu ile haimbebi mtoto aliyekwisha kutimiza 21. Tukamwacha kwa shangazi. Mwaka uliofuata Mama akamwombea kwa fomu I-130, fomu ya kumwombea ndugu ahamie Marekani. Mimi ndiye niliyeijaza, pale mezani jikoni, na nakumbuka tulivyoshukuru Mungu bahasha ilipoondoka. Tulichoelewa ni kimoja tu: kaka yuko kwenye foleni, zamu yake itafika.

Hatukujua yuko kwenye foleni ipi. Na hapo ndipo mambo yote yalipo.

Mzazi mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kudumu bila uraia, anaweza kumwombea mtoto mtu mzima katika kundi moja tu, F2B, ambalo ni la mtoto aliyetimiza miaka 21 na hana ndoa. Hakuna kundi la mtoto mwenye ndoa wa mwenye grini kadi. Halimo katika sheria kabisa. Kwa hiyo mtoto akioa au akiolewa wakati mzazi bado ana grini kadi, ombi linakufa siku ileile ya ndoa. Hakuna anayekuja kukuzuia kanisani, na barua ya kukujulisha inaweza kuchelewa miaka. Unaendelea kungoja kitu ambacho hakipo tena.

Mzazi akiwa raia, sura inabadilika. Mtoto mtu mzima asiye na ndoa anakuwa F1. Akifunga ndoa anahamia F3, kundi la watoto wa raia wenye ndoa, na anaingia na tarehe yake ileile ya foleni, yaani siku ombi lilipopokelewa. Mke na watoto walio chini ya miaka 21 wanafuatana naye. Ubaya wa F3 ni kwamba haina haraka: F1 watu wamekuwa wakingoja kama miaka minane, tisa, lakini F3 inapita kumi kwa urahisi. Hata mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21, ambaye hana foleni kabisa, akifunga ndoa anatupwa huko huko F3. Kusubiri huko kunaumiza, lakini angalau ombi linabaki hai.

Kaka alipotuma habari ya posa, Mama alilia kwa furaha. Mahari alichangia yeye, ukumbi na chakula vilevile. Alifanya zamu za usiku za kutunza wazee miezi minne mfululizo. Kwa wakati ule alikwisha kuwa na sifa za kuomba uraia tangu 2011, maana miaka mitano ya grini kadi ilikuwa imetimia. Hakuomba kwa sababu aliogopa mtihani. "Mwanangu, Kiingereza changu ni cha kazini tu," alikuwa akiniambia, nami nikamwachia. Aliomba baadaye, harusi ikiwa imekaribia, nasi hatukuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Tulidhani uraia utakapopatikana tutatuma cheti na ombi la kaka litapanda daraja lenyewe.

Tulituma cheti. Kisha, kwa sababu ya swali moja la hali ya ndoa ambalo sikujua nilijibu vipi, tukaenda kwa wakili aliyekuwa akijitolea kanisani kwetu Jumamosi. Hakusoma faili. Aliuliza siku ya harusi, akauliza siku ya kiapo, akaziandika moja chini ya nyingine, akanyamaza. Mama alielewa kabla hajafafanuliwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno.

Kama Mama angeapa kwanza, harusi ingefungwa siku ileile na bibi harusi yuleyule, kaka angehamia F3 na tarehe yake ya 2007. Sasa ilibidi aombewe upya, F3, tarehe ya 2014. Miaka saba ya foleni ilipotea.

Swali ninaloulizwa mara nyingi: si waachane kwanza, halafu warudiane? Hapana. Ombi lililokufa kwa ndoa wakati mzazi ana grini kadi halifufuki kwa talaka. Na talaka ya kwenye karatasi tu, watu wakiendelea kuishi pamoja, ni udanganyifu ambao unaweza kukufungia mlango moja kwa moja.

La pili linanitia hofu zaidi: kuficha ndoa. Watu wa kwetu wanasema, "Ilikuwa nikahi tu, hatujachukua cheti," au "Tulimaliza kimila, serikalini hatujaenda." Marekani wanaangalia kama ndoa ni halali pale ilipofungwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, na kutosajiliwa peke yake hakuifanyi ndoa kuwa batili. Kwa hiyo nikahi ya msikitini mbele ya mashahidi ni ndoa. Ukisema kwa ofisa wa viza kwamba hujaoa, umesema uongo. Nimekaa na familia ambayo kijana wao aliingia hivyo. Alipokuja kumwombea mke, tarehe ya ndoa ilikuwa ya nyuma kuliko siku aliyoingia nchini, na badala ya kumpata mke akajikuta anatetea grini kadi yake mwenyewe. Kwa Kenya na kwingineko sheria za usajili ni nyingine, kwa hiyo uliza za kwenu, usichukue za Tanzania ukazitumia Mombasa.

Tofautisha hili na kuwa na mtoto. Mtoto nje ya ndoa haharibu ombi. Mtaje kwenye fomu, anaweza hata kusafiri nawe. Wengine huwaficha watoto kwa aibu, na baadaye wanateseka kuwaombea.

Halafu kuna wale ambao viza imeshatoka. Pasipoti iko mkononi, ukoo unasema funga ndoa upesi kabla hajaondoka. Usifunge. Viza ya F2B au F1 inakutaka uwe huna ndoa mpaka unapovuka mpaka wa Marekani. Ingia kwanza, kisha rudi ufunge ndoa, umwombee mwenzako katika F2A (kundi la mume au mke wa mwenye grini kadi), ambayo kwa kawaida ni fupi mno kuliko F3. Najua ni vigumu kumweleza hivyo baba mkwe aliyekwisha kupokea mahari. Mpelekee mtu mzima anayeheshimika amweleze taratibu.

Wazazi mlioko huku, nawasihi mwambieni mtoto wazi: nina grini kadi au nina uraia, na uraia naweza kuomba lini. Fomu inapokelewa siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwenye umri wa miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza. Maswali ya uraia anajibu kwa lugha yake. Mama hakuwa amefikia huko, akajifunza kwa kanda za redio ya gari akienda kazini, akafaulu mara ya kwanza. Hofu ilikuwa kubwa kuliko mtihani.

Nanyi vijana, msiwafiche wazazi uchumba. Anayeweza kusubiri miezi sita asubiri. Asiyeweza, aoe akijua anachoacha. Kaka huwa anasema mkewe hamjutii, naye nampenda shemeji yangu kwa dhati. Anachojutia ni kwamba hakuna aliyempa nafasi ya kuchagua.

Binti yao wa kwanza alizaliwa 2014. Ombi linamhesabu ilimradi hajavuka miaka 21 wala kuolewa zamu ikifika. Kila mwezi, jedwali jipya la viza, linaloonyesha kila foleni imefikia tarehe ipi, likitoka, Mama huvaa miwani, akatafuta mstari wa F3, kisha akampigia kaka kumsomea tarehe.